Kijaluba cha Mektilda

Mara ya nne Mektilda kupanda pikipiki kutoka Nkoma kwenda Bariadi, subira ilikuwa imemwishia. Palizi ya pamba inamngoja, majani yamefika magotini, naye anafuata kikopo cha ugoro kinachotosha kufichwa kiganjani. Kilichovunjika ni bawaba tu, kazi ambayo fundi mwenye akili zake angeimaliza kabla chai haijapoa.

Mara ya kwanza, Malimi fundi saa alimwambia, "Bado kidogo, mayu," akimwita mama kwa Kisukuma. Mara ya pili alisema anatafuta waya mwembamba unaofanana na ule wa zamani. Mara ya tatu kibanda chake karibu na soko kilikuwa kimefungwa, na jirani yake muuza vitenge akasema fundi yuko msibani. Mektilda hakuuliza msiba wa nani. Aligeuza palepale, akarudi na tope hadi mapajani.

Alikuwa mjane wa miaka sitini na nne, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kigango, na hakuna mtu Nkoma aliyewahi kumwona akibembeleza kitu. Starehe yake ilikuwa ugoro, asubuhi kabla ya jembe na jioni akishaoga. Kikopo alikirithi kwa mama mkwe wake, ambaye zamani za ukoloni aliwapikia Wagiriki wenye kiwanda cha kuchambua pamba. Wagiriki walipofunga mizigo yao, mke wa bwana alimwachia mpishi kijizawadi hicho. Mektilda alikifunga kwenye pindo la kanga yake miaka thelathini. Kilikuwa cheusi, kizito kuliko umbo lake, na kifuniko kilijifunga kwa mlio mdogo, ka, kama mtu anayekubaliana nawe bila kupoteza maneno. Kisha siku ya mazoezi ya kwaya kikamponyoka kwenye ngazi za kanisa.

Safari hii kibanda kilikuwa wazi. Muuza vitenge, nesi mwenye sare na mzee mmoja aliyeshikilia baiskeli walikuwa wameinama mezani, wakipokezana kitu. Ka. Ka. Ka.

"Mwangaluka," alisema Mektilda.

Malimi aliinua kichwa, uso ukamshuka. "Mwangaluka, mayu. Karibu kiti."

"Sikuja kukaa. Kimepona lini?"

Fundi alikunjakunja kitambaa chake cha kufutia saa. "Wiki ile ya kwanza. Jumatano."

"Jumatano ya wiki ya kwanza. Na mimi na mgongo huu umenipandisha pikipiki mara ngapi?"

"Nisamehe, mayu. Kila asubuhi nasema leo nitampigia mama wa Nkoma. Nakifungua mara moja tu, nakifunga, siku imekwisha. Miaka ishirini na mbili natengeneza saa, na zinazokuja siku hizi ni plastiki tupu. Aliyeitengeneza bawaba hii aliificha ndani kwa ndani. Hakutaka mtu aione."

"Na ugoro wangu?"

"Niliumwaga. Ulikuwa umeganda pembeni. Nikakiosha kwa mswaki na sabuni."

Mektilda alifikiri atampiga. Badala yake alikinyakua, akaanza kukifunga kwenye kanga, na hapo akaona kwamba hakikuwa kikopo chake. Kilikuwa cha dhahabu, na kifuniko kilikuwa cha buluu, buluu ya ndani sana, inayong'aa kama maji.

"Umekipaka rangi gani?"

"Sijapaka, mayu. Ni yake. Hiyo ni kioo kilichosagwa, kikachomwa motoni hadi kikashikana na dhahabu. Wazee wa pwani vitu hivi huviita vijaluba, ila cha namna hii sijawahi kukiona. Rangi ilikuwa chini ya uchafu."

Katikati ya kifuniko alikuwepo mwanamke mdogo kuliko ukucha, ameketi kando ya mto na mnyama miguuni.

"Mbuzi," alisema Mektilda.

"Ni mbwa, mama," alisema nesi kwa upole.

"Nimefuga mbuzi tangu hujazaliwa. Huyo ni mbuzi."

Kilichomuudhi kuliko safari zote nne ni kwamba mwanamke yule alikuwa naye kiunoni miaka thelathini, na hakuna aliyemwambia. Hakujua kama mama mkwe alimjua. Alijikuta amekalia kiti alichokikataa. Alifungua, akafunga. Akafungua tena.

Nkoma nako hakupata raha. Kabla Jumapili haijafika, nusu ya kwaya ilikuwa imepita nyumbani kwake. Mkwewe Monika aliwamulikia wageni kwa tochi ya simu. Shemeji yake Mabula alitaka kiende kikatazamwe na mganga. Katekista alishauri kiende benki. Kila alipochota ugoro, mtu alimshika mkono ili atazame kwanza.

"Jamani, mimi nanusa kwa pua yangu au kwa macho yenu?"

Akakifungia sandukuni, akahamishia ugoro kwenye kichupa cha vidonge. Ugoro ukanuka hospitali. Mbaya zaidi, alijikuta mara tatu akienda sandukuni bila la kufanya, akijiambia anatafuta sindano. Siku ya tatu, akiwa na hasira na nafsi yake, alikitoa, akakijaza ugoro, akakirudisha kwenye kanga. Waliosema ataharibu dhahabu aliwajibu kwamba dhahabu ilimzoea.

Mwezi uliofuata, pamba ikianza kutoa maua, pikipiki ilisimama kwenye ua wake. Alikuwa Malimi, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Nilikuwa napita, mayu. Nikasema niangalie kama bawaba inashika."

"Unapita kwenda wapi? Mbele ya hapa kuna mashamba tu."

Malimi alitazama mashamba, kana kwamba jibu lingetokea huko.

Mektilda alivuta pumzi ndefu. Alimwita Monika alete kigoda na uji, kisha akafungua pindo la kanga.

"Dakika tano," alisema. "Na ugoro wangu usiuguse."