Sungura Aliyefungishwa

Sihaba binti Abdalah alizaliwa Ruaruke, akalima mpunga bondeni na mumewe mpaka mume alipotangulia mbele ya haki. Baada ya eda mwanawe Nassibu, fundi pikipiki, akamjengea vyumba viwili na sebule hapa Kibiti, nyuma kidogo ya barabara kubwa, asikae mbali peke yake. Akawa anasuka mikeka ya ukindu, na kila baada ya adhuhuri kina mama wa mtaa wanakusanyika sebuleni kwake kwa darasa la dini. Si kwamba kasoma sana. Ana darasa la saba lake na juzuu alizohitimu utotoni, basi. Lakini sauti yake ni ya upole na nyumba yake ni safi, watu wakampenda. Ikafika mahali mtu akitaka kumsifu mwanamke mwenziwe husema, nyumba yake kama kwa Bi Sihaba. Maneno hayo yalimfikia. Aliinamisha uso akasema alhamdulillahi, ila moyoni yalimkaa vizuri kuliko ilivyofaa.

Mke wa Nassibu anaitwa Shamsia, nao wana nyumba yao. Kaolewa miaka mingi na hajajaaliwa mtoto. Yeye alifuga sungura, tena ndani ya nyumba, dume jeupe lenye sikio moja la kijivu, kalipa jina la Bisi. Sungura wengine hapa mjini wanakaa mabandani, wakinenepa wanaingia sufuriani. Huyu alilala chini ya kitanda, akiitwa anakuja. Siku moja uani kwa Sihaba, mbele ya watu, Sihaba alisema wanawake wengine wanalea watoto, mkwe wake analea sungura. Alisema kwa utani na watu wakacheka. Alipogeuka akamwona Shamsia kasimama mlangoni na sinia la mchele mkononi. Shamsia akalitua sinia, akaaga. Hakununa wala hakusema kwa mumewe, na Sihaba naye hakuomba radhi, akajiambia kwamba yamekwisha.

Mwezi wa Shaabani Shamsia akatakiwa kwenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji, aondolewe uvimbe kwenye kizazi. Ndipo akamleta Bisi kwa mama mkwe wake. Alikuja na vitu vingi kama anahamisha mtoto wa chuo: kizimba cha waya ambacho mchana mlango wake haufungwi, bakuli zito la udongo la maji ili mnyama asilipindue, beseni pana la kujisaidia, gunia la maranda kutoka kwa fundi seremala, furushi la ukoka uliokaushwa kivulini, vijiti vya mpera vya kutafuna ili meno yasirefuke, na brashi ya manyoya. Akakaa mkekani akaeleza kila kitu. Kwenye beseni unatandika magazeti makuukuu, juu yake maranda, na pembeni unaweka konzi ya ukoka, kwa maana sungura hupenda kula hukohuko anakojisaidia. Asubuhi unamwaga, unasuuza kwa maji na siki. Matembele au mchicha kiasi cha kiganja, jioni. Mkate, wali, ugali, vitu vya sukari, hapana. Waya za chaji ziwekwe juu.

"Mama, mengine yote ukisahau, hili usilisahau," akasema. "Majani makavu yasikatike mbele yake, mchana wala usiku. Tumbo la sungura halina mapumziko. Likikaa tupu linasimama, na likisimama ndiyo basi."

Sihaba akamwambia, "Mwanangu, mimi nimefuga mbuzi na bata. Nenda katibiwe, Mungu akurudishe salama."

Mwanzoni alimchukua kama mzigo wa mkwe. Hofu yake ilikuwa najisi, maana sebule hiyo ndiyo ya darasa na ndiyo anayosalia. Akamweka kwenye kona ya mlango wa uani, akaviringisha mkeka wa kusalia na kuutundika. Lakini Bisi hakukosea beseni hata mara moja, na vinyesi vyake vilikuwa vikavu, vya mviringo, havinuki. Asubuhi Sihaba akisuka, anamsikia anatafuna ukoka taratibu, kama mtu anayesoma kimoyomoyo. Akamzoea. Akawa anamwambia habari za bondeni.

Kisha Ramadhani ikaandama.

Nyumbani kwa Sihaba, mchana wa Ramadhani hakionekani chombo. Masufuria hufunikwa kifudifudi tangu alfajiri, mtungi hufunikwa kwa kitambaa, hata chumvi huingia kabatini. Alilelewa hivyo Ruaruke, na watu wa mtaani walimjua kwa hilo. Siku za mwanzo alimwachia Bisi majani yake kama alivyoagizwa, naye akawa anatafuna mbele ya kina mama wote wa darasa, midomo mikavu, jua limesimama.

Jirani yake Siti, ambaye ulimi wake hauna likizo, akasema, "Shoga, mgeni wako anatutafunia mchana kweupe. Au ni msafiri?"

"Msafiri gani tangu Shaabani hajaondoka," akadakia mwingine.

"Basi labda yumo kwenye udhuru."

"Dume huyo, Siti."

Walicheka mpaka wakashika mbavu, na Sihaba akacheka nao. Lakini uso ulimwaka. Aliona kama nyumba yake imevuliwa nguo. Ilikuwa utani mtupu, kila mtu alijua mnyama hana funga, yeye mwenyewe ndiye anayewafundisha wasichana nani inampasa na nani haimpasi. Hata hivyo kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, akakusanya ukoka wote kizimbani na ule wa kwenye beseni, akaufungia stoo. Alijiambia ni mpaka darasa liishe.

Mchana ule Bisi alijilaza konani, kimya, masikio nyuma. Siti akauliza, leo kulikoni, msafiri kafika kwao?

Sihaba angeweza kusema ukweli, ulikuwa mwepesi tu. Badala yake akasikia sauti yake mwenyewe, tulivu kama ya darasani, ikisema, "Mwenyewe hagusi tangu alfajiri."

Kina mama wakasema subhanallah. Mmoja akamsogelea Bisi akamtazama kwa heshima. Wakasema hii ni baraka ya nyumba, mnyama anakaa na mtu mwema naye anaiga. Maneno hayo yaliingia kwa Sihaba kama maji baridi baada ya adhana.

Kuanzia hapo hakuweza kurudi nyuma. Alfajiri anaondoa majani, magharibi anarudisha. Na kwa kuwa alimwonea huruma, akamfuturisha kama anavyofuturishwa mgeni: magimbi ya nazi, tambi za sukari, tende alizomtolea kokwa. Bisi alikula tende kwa pupa, na Sihaba akafurahi. Watu wasio wa mtaa wakaanza kuja kumtazama. Siti alipokwenda kwa dada yake Ikwiriri akaipeleka habari huko.

Mchana mmoja Sihaba akamkuta Bisi anatafuna ukingo wa mkeka mpya wa kuuza. Akamkemea, akamfungia kizimbani. Alijua maana yake. Mtu aliyefuga mbuzi anajua mnyama mwenye njaa anafananaje. Alijua, akatazama pembeni, akaendelea na ukili wake.

Kisa cha mwanamke aliyemfungia paka bila chakula akaingia motoni alikuwa akikihadithia yeye mwenyewe kila Ramadhani. Mwaka huu alikiruka.

Ikafika asubuhi ambayo beseni lilikuwa safi kama alivyoliacha jana. Hakuna kinyesi hata kimoja. Tende ya jana ipo, majani ya usiku yapo. Bisi kajikunyata, anasaga meno, tumbo limejaa upepo na gumu kama ngoma. Sihaba akapiga magoti. Wa kwanza kumjia akilini hakuwa Mungu wala Bisi. Alikuwa Shamsia, amelala kitandani Dar es Salaam na mshono wake.

Siti ndiye aliyekwenda kumwita bwana mifugo wa kata, Mudathiri, kijana mwenye adabu zake. Akafika na mkoba, akambonyeza Bisi tumboni, akamwekea sikio ubavuni. Akauliza mnyama anakula vipi.

"Anakula kama kawaida," Sihaba akasema. Na yeye kafunga, ulimi umekauka kwa swaumu ya Mwenyezi Mungu.

Mudathiri akasema kama anakula kawaida basi huenda ni minyoo, atampa dawa. Akaanza kuipima kwenye bomba la sindano. Kabla hajamfungua mnyama mdomo, akamgeukia Sihaba tena. "Mama, una hakika? Dawa hii ni kali kwa tumbo tupu. Kama halina kitu inaweza kummaliza."

Siti alikuwa kasimama mlangoni. Alifumbua kinywa aseme kitu, kisha akamwangalia Sihaba, akangoja.

Sihaba akaweka kiganja juu ya bomba. "Usimpe," akasema. "Tumbo lake ni tupu. Kila alfajiri namwondolea majani, namrudishia magharibi. Hakufunga. Nimemfungisha mimi."

Nje pikipiki ilipita. Mudathiri akarudisha dawa chupani.

"Ulituambia mwenyewe hagusi," Siti akasema polepole.

"Niliwaambia."

"Nami nimekwenda kuwaapia watu Ikwiriri."

Hakungoja jibu. Alivuta mtandio wake akaondoka.

Mudathiri hakumlaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Alimwonyesha namna ya kumkanda tumbo kwa vidole, kutoka mbavuni kuja chini. Akamwagiza asage majani mabichi na maji, ayachuje, ampe kidogokidogo kwa bomba lisilo na sindano. Tende na tambi zitoke kabisa, na ukoka uwe mbele ya pua yake muda wote, hata asipoutaka. Akasema akijisaidia kabla ya kesho, atapona. Asipojisaidia, basi.

Siku ile Sihaba hakupika futari. Alifuturu kwa maji, Bisi yupo mapajani, akarudi kumkanda. Alitaka kuomba dua, akaona haya hata kuinua mikono. Angeomba vipi, na kwa jina la nani, ilhali mbele ya watu alijifanya Mungu kampa ishara? Mwishowe alisema tu, Ewe Mola, huyu hana kosa.

Kesho yake asubuhi alipokunja khanga aliyomlazia, akaona punje mbili ndogo, nyeusi, ngumu. Yeye aliyeogopa najisi akazishika kwa vidole vyake, akalia.

Adhuhuri wakaja wachache. Aliacha kizimba wazi na ukoka umejaa, akawaeleza wote aliyoyafanya, kisha akahadithia kile kisa cha paka alichokiruka. Sauti haikuwa ile tulivu. Wengine waliinamisha macho, mmoja alicheka kwa pua. Siti hakuja.

Shamsia alirudi katika kumi la mwisho, Nassibu kampakia kwenye bajaji wakienda mwendo wa pole kwa sababu ya mshono. Wakati huo Bisi alikuwa anarukaruka, kakonda tu. Hakuna aliyekuwa amemwambia Shamsia. Sihaba aliwaza kwamba mgonjwa hapewi habari za kumtia simanzi, na wazo hilo lilikuwa zuri mno, lenye sura ya huruma, hata akalitilia shaka. Akaenda siku hiyohiyo. Akamkuta kalala chumbani, akakaa chini sakafuni, akasema yote: utani wa msafiri, uongo, tende, mkeka uliotafunwa, bwana mifugo.

Shamsia alitazama dari.

"Mama, ulimfanyia hivyo kwa kuwa ni wangu?"

Sihaba alitaka kusema hapana haraka. Akajizuia. "Nilifanya nisifiwe," akasema. "Lakini angekuwa wa mtu mwingine, labda ningeogopa zaidi. Kwako niliona sina wa kumwogopa. Na lile neno nililosema uani siku ile, mbele ya watu, sijakuomba radhi. Nakuomba."

Machozi yakamtoka Shamsia yakaingia masikioni, naye hakuyafuta. Hakusema amesamehe. Alisema, "Nataka Bisi wangu arudi hapa."

"Nitamleta sasa hivi."

"Na beseni nani atalisafisha? Mimi kuinama siwezi, nimekatazwa mpaka mshono ukauke. Nassibu anatoka gereji usiku."

"Nitakuja mimi."

Shamsia akageuza kichwa kumtazama. Hapa kwetu mama mkwe hasogei karibu na kitanda cha mwanawe na mkwewe, sembuse kuingia chumbani mwao kila siku kuokota uchafu wa mnyama. "Watu watasemaje, mama?"

"Watasema," Sihaba akajibu.

Basi sasa kila asubuhi anapita mtaani na mzigo wa ukoka kichwani na mfuko wa maranda mkononi. Wanaomuuliza anakwenda wapi, anawaambia. Wanaomuuliza habari za sungura anayefunga anasimama, anatua mzigo, anawaambia nazo, na kila mara uso unamwaka vilevile kama mara ya kwanza. Alidhani akizoea kusema utapoa, haujapoa. Siti siku za mwanzo aliingia ndani akimwona. Juzi hakuingia. Alisimama kizingitini akauliza kama mnyama anakula, akaambiwa anakula, akaitikia kwa kichwa na kuendelea kufagia.

Chumbani kwa mkwewe Sihaba anachuchumaa, anamwaga maranda ya jana, anasuuza kwa siki, anafuta, anatandika magazeti. Shamsia anamfuata kwa macho kutoka kitandani, mkono tumboni, Bisi kajinyoosha ubavuni mwake.

"Pembeni hapo bado pana unyevu, mama."

Sihaba akachukua tena kitambaa, akafuta.