Mkurugenzi Aliyekuja Kutusikiliza

Juzi nilinusa kitabu kipya, nikamkumbuka mwalimu mkuu wetu pale Bombambili. Alikuwa ameacha ukurugenzi wa kampuni binafsi ya vitabu Dar es Salaam, akaja kuongoza shule yetu ya serikali. Leo najua aliomba mwenyewe, lakini utotoni niliamini amefukuzwa.

Mchana mmoja wa mvua aliketi sakafuni kati yetu, akafungua boksi la vitabu alivyovichapisha.

"Shikamoo mama," nikasema. "Ulikosa nini huko Dar?"

Alicheka mpaka akafuta machozi. "Marahaba, mwanangu. Niliwakosa ninyi. Nimetoa vitabu miaka mingi, sijawahi kumsikia mtoto akisoma hata kimoja. Haya, nisomee."

Nilisoma kwa kukwamakwama, mvua ikipiga bati. Alifumba macho, akasikiliza mpaka ukurasa wa mwisho.