Baba na Maji ya Bi Harusi

Wiki ya harusi ya mdogo wangu, friji la nyumbani kwetu Nguvumali lilikuwa halifungiki vizuri kwa wingi wa vitu. Mlikuwa na tui, viungo vilivyosagwa, samaki wa kupaka, na sharubati za ukwaju na bungo tulizozitia kwenye chupa za maji ya dukani. Mdogo wangu alikuwa ndani, hatoki, akisingwa mwili kwa manukato kila asubuhi na somo yake, mama wa makamo wa mtaani aliyekwisha kufunda mabinti wengi.

Mimi nilikuwa uani nakuna nazi. Baba akarudi msikitini baada ya adhuhuri, akapita moja kwa moja jikoni. Punde akaja mlangoni na glasi tupu, akaniambia sharubati yetu ya mara hii nzito, na waridi tumezidisha. Nikamjibu kwamba hatujatia waridi kwenye kinywaji chochote. Akanitazama, nami nikamtazama.

Niliikuta chupa mezani, imebaki robo. Nikainusa. Waridi, ndimu, na harufu nyingine nyuma yake, kama ya duka la dawa. Ndipo somo alipoingia kuchukua maji yake ya kumpaka bi harusi, aliyoyaweka frijini kwenye chupa kama zetu. Alipoiona ile chupa mkononi mwangu na glasi mkononi mwa baba, akakaa juu ya gunia la mchele.

Kilichofuata hakijanikaa sawa kichwani mpaka leo. Mama alitaka baba anyweshwe maziwa. Shangazi, aliyetoka Kigombe kwa ajili ya shughuli, alitaka atiwe kidole kooni atapike. Baba mwenyewe hakutaka lolote. Alisema ana usingizi, akaelekea chumbani. Hapo nikachanganyikiwa kabisa, maana baba hulala kila siku wakati kama ule. Huu ni usingizi wake wa kawaida, au ndiyo madhara yameanza? Niliona anatoka jasho. Lakini sote tulikuwa tunatoka jasho.

Nilimwuliza somo ametia nini. Akataja maji ya waridi, gliserini na ndimu. Na nini tena? Akasema ni hivyo tu. Kisha akasema, na mafuta kidogo. Nilipouliza mafuta gani, akaanza kujifunga kanga upya.

Nikaita bajaji, nikachukua ile chupa, tukaenda hospitali mimi, baba na somo. Njia nzima baba alikuwa akisalimiana na watu kama anakwenda sokoni, nami kila akikohoa nageuka kumtazama.

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Alimwamkia baba shikamoo, kisha akauliza amekunywa nini, kiasi gani, lini, na tumempa nini baada ya hapo. Nikamweleza ni maji ya kumpaka bi harusi, na kwamba hatujampa kitu. Akasema vizuri, na asitapishwe, kwani mafuta yakipanda juu yanaweza kuingia mapafuni. Akampima, akamsikiliza kifua, kisha akaigeukia chupa. Akauliza mafuta yaliyomo ni ya nini.

Somo alijibu akitazama sakafu. "Sijui jina lake, mwanangu. Huletwa kutoka Horohoro, mpakani, chupa haina karatasi. Yanang'arisha."

"Mzee ameyanywa mara moja," daktari akasema. "Huyo bi harusi anapakwa tangu lini?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Nikakumbuka wekundu uliokuwa pembeni mwa masikio ya mdogo wangu, ambao sote tuliusifu kwamba rangi imeanza kushika. Nilikuja na mgonjwa mmoja, sasa sikujua nimuwazie nani.

"Basi mgonjwa ni nani hapa?" baba akauliza, na hakuwa anatania.

Walimweka mpaka jioni. Tumbo lilimwendesha, kichwa kikamgonga, basi. Tukaruhusiwa, tukiambiwa tumrudishe upesi akianza kukohoa sana, kutapika au kulegea. Nilimwuliza kwa nini alimaliza glasi kama aliona ladha si yenyewe. Akasema wanawake wa nyumba yake wanahangaika jikoni tangu alfajiri, angewezaje kumwaga kazi yao.

Kesho yake nilimtoa mdogo wangu ndani, kajifunika buibui, tukapita kwa majirani ambao hawakuelewa bi harusi anatafuta nini barabarani. Daktari alimkataza yale mafuta. Mdogo wangu alilia, nami nikadhani analilia ngozi yake. Kumbe alikuwa analia kwamba akiacha sasa atatoka madoa mbele ya wakwe. Nikamwambia atapakwa liwa tupu, unga wa msandali, na kweli ndiyo tuliyompaka. Harusi ikafanyika, na upande wa kushoto wa uso wake mtandio uliwekwa karibu zaidi, kuficha wekundu.

Somo alinijia siku ya shughuli, watu wakila pilau, akanivuta pembeni ya ukuta. Nilidhani anataka kuomba radhi.

"Mimi najipaka hayo hayo," akasema. "Miaka sasa. Wewe ulikuwepo siku ya pili, daktari alisema mtu afanyeje?"

Nilimtazama mikono. Ilikuwa myeupe, ila maungio ya vidole yalikuwa meusi, na sikuelewa imekuwaje siku zote hizo nisiyaone. Nikamwambia daktari alimkataza bi harusi tu, la mtu aliyejipaka miaka hakulisema. Akashukuru, akarudi kupakua pilau.