Siku Nilipocheza Judo na Mtani Wangu

Sina budi kukiri mwenyewe, kabla hamjaipata habari hii kwa wapagazi wa stesheni (ambao huisimulia kwa chumvi nyingi, na kwa vitendo), kwamba mimi, mtu mzima mwenye miwani na digrii ya Kampala, niliwahi kuvuliwa suruali mbele ya mzee niliyekuwa nikimposa binti yake.

Chanzo ni gazeti. Rafiki wa chuoni alinitumia gazeti la Ulaya lenye picha za mashindano ya kimataifa ya judo: washindi watatu wamesimama jukwaani, mavazi meupe, medali vifuani, nyuso zimetulia kama za watu waliokwisha kumsamehe kila mtu. Nikawa nawafafanulia wenzangu barazani kwa kinyozi, pale Gongoni, kwamba mchezo huu ni falsafa, kwamba mnyonge humwangusha mwenye nguvu kwa nguvu zake huyo huyo, ndipo kinyozi akauliza, "Na wewe, Mwalimu, kule chuoni uliucheza?"

Jibu lilikuwa hapana. Nilijibu, "Kidogo."

(Niliwahi kuwaona Wazungu wawili wakiucheza, kupitia dirishani, huku mvua ikinyesha.)

Kufikia mwisho wa juma klabu yetu ya mpira ilikuwa imekwisha kutangaza Mashindano ya Kimataifa ya Judo ya Tabora, fundi cherehani amenishonea vazi la kitambaa cha merikani, koti na suruali, na fundi bati amekata medali tatu (washindani tulikuwa wawili, ya tatu ilikuwa ya refa). Naye Mzee Maganga wa Ntalikwa, baba yake Veronika, ambaye alikuwa hajaijibu posa yangu kwa kuwa amesikia wasomi wana majivuno, akatuma neno kwamba atakuja kunitazama.

Mpinzani nilimchagua mwenyewe. Alikuwa Mwinyimvua, mpagazi wa stesheni, Mzaramo mfupi (umataifa wote wa mashindano yetu ulikuwa yeye), na zaidi ya hayo mtani wangu, kwa maana Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani, na mtani, afanywe lolote, hana ruhusa ya kununa. Nitambwaga hadharani, niliwaza, naye atalazimika kucheka. Kwamba mila hiyo ina pande mbili, digrii yangu haikunikumbusha.

Jumapili baada ya misa uwanja ulifurika. Niliinama kwa adabu, kama nilivyoona gazetini. Nikiwa bado nimeinama, Mwinyimvua alinitupa begani kama gunia la karanga, akazunguka uwanja akinadi, "Mzigo huu unakwenda wapi, jamani?"

"Igalula!" umati ukajibu, ukitaja stesheni ya jirani.

Akanitua kifudifudi. "Mtani wangu amekufa! Na marehemu hana haja ya merikani!" Akaivuta suruali yote, nikabaki na koti ambalo fundi, kwa kubana kitambaa, alikuwa amelikata fupi.

Hata hapo mambo yalikuwa hayajaharibika. Mzee Maganga alikuwa akifuta machozi ya kicheko. Ningecheka naye, nadhani posa ingejibiwa palepale. Badala yake nilisimama, nimeshika pindo la koti kwa mikono miwili, nikafoka, "Nitakushitaki bomani, mpumbavu wewe! Unanijua mimi ni nani?"

Mwinyimvua akanitazama kwa huruma. "Mtani," akasema taratibu, "umekasirika?"

Mzee Maganga akavaa kofia yake. Nikamkimbilia, koti na yote.

"Shikamoo, baba, naomba nieleze..."

"Marahaba. Kuangushwa si neno, mwanangu. Na hayo mengine nimeyaona, ni ya kawaida tu. Lakini mtu anayemnunia mtani wake, binti yangu akiingia nyumbani kwake atacheka na nani?"

Veronika aliolewa Igalula mwaka uliofuata. Wazee walinitoza mbuzi kwa kumkasirikia mtani, tukamla pamoja, Mwinyimvua akiwa na medali zote tatu kifuani (refa alimpa na yake). Suruali yangu huivaa yeye kazini mpaka leo, na kila nishukapo kwenye treni hunipokea mzigo wangu kwa swali lile lile: "Mtani, umekasirika?"

Nacheka. Nacheka upesi, kabla hajamaliza kuuliza, kwa maana nimeapa kutochelewa tena.