Wazazi wangu walilala jikoni na miti ya Mzee imesimama hapo nje, ati ni ya watu wa ndege

Wakuu, salamu kwenu nyote. Wa Kitale, wa Bungoma, na nyinyi wa mbali mnaosoma kimya kimya bila kusema kitu.

Hii imenipata mimi mwenyewe, sikuambiwa na mtu. Kama unadhani ninaongeza chumvi, kuja Ndalu nikuonyeshe hiyo miti.

Mimi ni fundi wa stima hapa Kitale. Nyumbani ni Ndalu, kwa Mzee, baba yangu. Alipanda miti kwa mpaka wa shamba tukiwa wadogo, na pale kwetu kila mtu anajua miti ya mpaka ni ya nini. Ni ya mbao. Kijana akitaka kujenga, unakata. Nyumba ikizeeka, unakata ingine, halafu unapanda tena. Hakuna mtu alitufundisha hiyo kwa semina.

Sasa kukakuja kampuni ya kaboni.

Kama hujui hiyo biashara, wacha nikueleze vile mimi nilielewa. Serikali za dunia zilikaa chini zikakubaliana moshi ipunguzwe. Kampuni kubwa huko ng'ambo, kama hizi za ndege, zikaona kupunguza moshi ni kazi ngumu. Zikasema afadhali tulipe mzee wa Ndalu asikate mti wake, mti usafishe moshi yetu, sisi tuendelee kuruka. Serikali yetu nayo ikapiga makofi.

Chief akaita baraza. Mzee akavaa koti ya kanisa akaenda. Wakaambiwa miti inaleta mvua, wao ndio watasaidia dunia, na kila mwaka kutakuwa na kitu kidogo. Mzee akasimama mbele ya wenzake akasema ndiyo, akaweka kidole kwa mkataba. Ile maneno ya kutokata miaka na miaka ilisemwa kwa Kizungu, haraka haraka, soda zikifunguliwa.

Mwaka huu upepo ukakuja na mvua ya mawe, ukang'oa paa ya Mzee yote. Mabati mengine tuliokota kwa shamba ya jirani. Mbao zikavunjika vipande. Tunashukuru Mungu hakuna mtu aliumia.

Najua mtauliza, si walale kwako? Nyumba yangu iko hapo hapo bomani, na nafasi iko. Lakini wakuu, sisi Wabukusu mzazi halali kwa nyumba ya mtoto wake mwenye ameoa. Ni mwiko, na Mzee wangu si mtu wa kujaribu mwiko. Kwa hivyo wakahamia jikoni, kile kibanda cha nje, yeye na Mama. Mama yangu na kifua yake mbaya, kulala na kuku na moshi ya kuni, akikohoa mpaka unamsikia ukiwa barabarani.

Nikatoka Kitale na jamaa wa power saw. Miti mbili tu, tumalize hii aibu.

Hata hajawasha mashine, afisa wa kampuni huyo na pikipiki, sijui nani alimpigia simu. "Boss, simamisha. Hiyo miti iko kwa satelaiti."

Nikamuuliza, "Na paa yenye haiko, satelaiti haikuona?"

Ati satelaiti ni ya miti peke yake. Jameni!

Nilikuwa tayari tukosane. Mwenye alinizuia ni Mzee. "Wafula, wacha hiyo kitu. Nilisema ndiyo mbele ya watu. Unataka waseme baba yako ana ndimi mbili?"

Hapo nilitaka kulia na hasira. Mkataba wenyewe hajui kuusoma, na ni yeye peke yake anauheshimu.

Nikasikia kuna mkutano wa tabianchi Bungoma, kwa hoteli. Nikaenda. Watu wa serikali na wa kampuni wamekaa meza moja, wametoka juzi kwa mkutano wa dunia, wanatuonyesha picha. Nikainua mkono nikasema wazazi wangu wanalala na kuku, wanaweza kukata miti mbili? Wa serikali akasema hiyo ni ya kampuni. Wa kampuni akasema hiyo ni sheria ya serikali. Halafu mwenye kushika maikrofoni akasema swali langu ni nzuri sana, wamelichukua, na chakula iko tayari.

Wamelichukua wapi? Mpaka leo hawajarudisha!

Nikachoka. Nikanunua mbao kwa yadi Kitale, lori ikaleta. Mama akampea dereva chai, akashika ubao mmoja akausifu, akauliza umetoka wapi.

Dereva akacheka. "Mlimani huko juu, mathe. Huko hakuna mtu amesaini kitu."

Mzee alikuwa na kikombe mkononi. Akakiweka chini, akaangalia miti yake kule mpakani, akaangalia lori. Hakumaliza hiyo chai.

Paa iko, wanalala ndani sasa. Lakini hesabu yenyewe ni gani hii? Miti ya Mzee imeokolewa, ya mlimani kwenye maji yetu inatoka imeangushwa, na mahali fulani mtu anapanda ndege akiambiwa safari yake haina moshi.

Mimi sipingi miti. Ninapinga ujinga wenye umevaa tai. Nimejifunza hivi: ukiitwa baraza ya kaboni, kabla hujashika soda, uliza mbele ya watu wote, nyumba yangu ikianguka huu mti ni wa nani? Wakikujibu kwa Kizungu, chukua kofia yako uende nyumbani.

Kama kuna mwenye amepitia hii maneno, Misikhu, Bokoli, popote, mwaga hapa chini ulitokaje. Na kama uko kwa hizo ofisi na unataka kunitukana, karibu pia. Lakini anza kwa kuniambia mama yangu angelala wapi.