Manyoya ya ndege yenye ilitoka damu kwa bakwe

Mucheke tu, hata mie niko nacheka sasa, mais ile siku sikucheka hata kidogo. Mutu wa kunyolewa nusu ya kichwa siku ya kwenda kuomba bibi, mulishamuona wapi? Ni mie huyu Kambale, muuzaji wa vitambaa hapa Butembo.

Fiancée yangu Masika ni wa Beni, kule mutaa ya Beu, na jamaa yetu ilikuwa imepanga kwenda kumuomba kwao. Baba alibakia nyumbani juu mguu ilikuwa inamuuma, akanipa kofia ya babu yenye tunavaaka siku kubwa, yenye manyoya nyekundu ya ule ndege wa pori ya Kasugho (kama hamumujue: mwili bluu ya kuiva, mudomo manjano, na nywele nyekundu juu ya kichwa kama mama mwenye ametoka saluni; banatembeaka familia nzima, baba, mama na batoto, banakimbia juu ya matawi na makelele kama bantu ba soko, na ni wakati banaruka njo unaona nyekundu yenye banafichaka mu mabawa). Babu hakuua hata mumoja, aliokotaka tu manyoya chini ya muti yenye banakuliaka matunda.

Sasa mie, juu ya kutaka kuonekana propre, musafi kabisa, nikanusa kofia, nikasikia moshi na vumbi, nikasema hapana, siwezi kwenda kwa bakwe na harufu ya panya. Nikatia manyoya mu besheni na sabuni ya unga, mingi, nikasugua. Maji ikageuka nyekundu. Mutu wa akili angejiuliza. Mie nikajisifu: angalia uchafu yenye inatoka! Na juu gari ilikuwa inapiga honi inje, sikusuuza (nani alikuwa na muda ya kusuuza?), nikavaa kofia vile vile mubichi, tukaondoka.

Munajua Butembo ni baridi, Beni ni joto. Mu salon ya kwao Masika tulijazana, bantu juu ya bantu, na mie nilivaa veste (koti) na chemise (shati) nyeupe. Baba mukubwa Paluku, mwenye alikuwa anasema kwa upande yetu, akazungusha maneno: tulipita njiani, tukaona ua nzuri inachanua mu lupango ya nyumba yenu... Baba yake Masika, muzee wa kanisa ya Baprotestanti, alikuwa ananiangalia bila kupepesa macho. Jasho ikaanza. Ikapita mu kofia, ikakutana na ile sabuni, ikashuka. Nikasikia kitu inatambaa mu uso, nikapanguza, nikaendelea kutabasamu.

Mama yake Masika akasema polepole: "Mwanangu... uko natoka damu."

Nikaangalia mukono: nyekundu. Nikaangalia chemise: nyekundu. (Na mie, hata kuku ikichinjwa ninakaa chini kwanza.) Nilisikia tu shangazi mumoja analia, "Yesu wee, kichwa imepasuka!" Nikaangukia meza, na sahani ya sombe (majani ya muhogo) ikamwagikia baba mukubwa mu kichwa.

Nilipofungua macho nilikuwa juu ya moto, ni kusema pikipiki, katikati ya motard na Masika, mwenye alinishika kama mufuko wa makala ya kupikia. Kwa centre de santé, zahanati ya pale, muuguzi mwenye tunaita infirmier akauliza:

"Nini ilikupiga?"

"Sijui."

"Inauma?"

Nikafikiri. "Sasa njo inaanza."

Na ilikuwa inauma kweli, naapa! Akachukua wembe, akaanza kuninyoa juu ya kutafuta kidonda. Akafika katikati, akasimama, akanusa pamba yake. "Kaka, damu yako inanuka sabuni."

Masika akaangalia kofia: ile nyekundu yote ilikuwa imekimbia. Akapigia baba yangu simu, akaweka haut-parleur tusikie bote, nikaeleza vile nilifula kofia, na baba akalia hivi: "Uliifula na sabuni? Kambale! Sabuni inaondoshaka ile rangi! Hata ndege mwenyewe, ulishamuona anaoga na sabuni?"

Infirmier akakaa chini juu ya kucheka. Masika hakucheka. Machozi ilimutoka. "Baba yangu atakataa. Atasema ulikuja kumufanyia teatre mu nyumba yake." Hapo njo niliogopa vraiment.

Tukarudi. Nusu nywele, nusu upara, chemise kama ya muchinjaji.  Nikapiga magoti, nikaeleza yote, hata besheni.

Muzee, baba yake Masika, akakohoa. "Kijana, tulikuwa hatujakujibu bado." Akaangalia bibi yake. "Mais wakati banakubeba, bibi yangu alikimbia mu barabara bila viatu, analia: mukwe wangu anakufa, mukwe wangu! Quartier yote, mutaa nzima, ilimusikia. Sasa mie nitakataa namna gani?"

Bamama bakapiga vigelegele, na baba mukubwa, sombe bado mu masikio, akasema "Wasingya!" (asante ya kwetu) mara mingi sana, kama vile ni yeye njo alipewa bibi.

Donc mie nilikata neno: kitu ya wazee ukipewa, uliza kwanza mwenye amekupa, na kama inanuka, basi inuke. Siku ya ndoa niliingia kanisa kichwa wazi, imenyolewa yote, na wembe nilishika mie mwenyewe.