Buruji ya Ng'ombe

Siku ile tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kiume, na kitindamimba wetu wa kike aliyekuwa ameng'oka meno ya mbele. Alikuwepo mwandikishaji na meza yake, mgambo mwenye rungu, na wakimbizi kutoka Burundi, wake kwa waume, wamekaa kando ya lori wakingoja kupelekwa kwenye makazi mapya upande wa Tabora. Mwenye duka la nguo alikuja baadaye. Baba na mama walikuwa wamekwisha kufa, ndiyo maana niliacha shule darasa la tano nikashika jembe.

Ilikuwa Ijumaa, mjini Kasulu, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulitoka kwetu Kitanga na gunia la maharage ya kuuza. Jua likatuchoma, tukatua mzigo kwenye kivuli cha lori lile lililotoka Kibondo. Hilo ndilo kosa tulilofanya. Tulikuwa na vumbi kama wale watu, na Kiha chetu na Kirundi chao mgeni hawezi kuvitenganisha. Mwandikishaji alikuwa mgeni.

"Nanyi wa wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, kitindamimba akajitokeza mbele. "Mimi wa buruji!"

Neno hilo alilipata kwa mwenye duka, mzee wa Kiislamu kutoka Pwani, safari iliyotangulia, tulipokwenda kununua kipande cha kaniki. Mzee alimuuliza jina lake na jina la mama, akahesabu kwa vidole, akamwambia, "Buruji yako wewe ni Ng'ombe." Kwetu hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Mtoto akalikumbatia neno kama mali, akawa analitangaza kwa kila tuliyekutana naye njiani. Lakini likipita kwenye yale mapengo, lilitoka limepindapinda.

"Wa Burundi," mwandikishaji akasema, akainamia karatasi zake.

"Hapana, ndugu. Sisi wa hapa. Wa Kitanga."

"Mtoto kasema mwenyewe."

"Amesema buruji. Ni mambo ya nyota."

Mgambo akacheka. "Basi pandeni, tuwapeleke huko nyotani."

"Sisi ni Waha!"

"Binti, hata Kiswahili chako kimevuka mto jana."

Mwandikishaji hakucheka. Alikuwa amechoka, na nadhani alidhani anatutendea wema. Aliniuliza wazazi wetu wako wapi, nikamwambia wamekufa. Akatikisa kichwa. "Hawa wadogo watapata familia za kuwalea huko. Wewe ni mkubwa, utajitegemea."

Shamba lingeweza kuchukuliwa na mtu, nikalidai siku nyingine. Lakini hawa wawili wakigawiwa watu nisiowajua, kila mmoja nyumba yake, ningewapata wapi? Nilimshika kitindamimba mkono kwa nguvu hata akalia.

"Kimbia dukani," nikamwambia mdogo wangu kwa Kiha. "Mlete mzee." Kisha nikamkalisha mtoto juu ya gunia, nami nikakaa kando yake. "Sipandi mpaka arudi."

"Utapanda," akasema mgambo.

Dereva akawasha injini. Watu wakaanza kupanda, mama mmoja akanipokeza kichanga chake ili apate kushika ubao wa lori, kisha akakichukua, akanishukuru kwa maneno yale yale ambayo mama yangu angeyatumia. Mgambo akalikamata gunia letu kwa pembe moja. Mimi nikalishika kwa pembe nyingine. Tukavutana.

"Liache!" Ilikuwa sauti ya mzee. Alikuja mikono ya kanzu imekunjwa, maji ya udhu yakimdondoka viwikoni. Mdogo wangu alikuwa amekuta duka limefungwa, akamfuata hadi msikitini.

"Ndugu mwenye duka," mwandikishaji akasema, "buruji ni nini?"

"Ni kundi la nyota. Kila mtu ana lake. Huyu mtoto nilimwambia lake mimi."

"Unaweza kusema lolote ili kuwaokoa."

"Basi nikunong'oneze nilichomwambia, kisha umuulize mwenyewe."

Akamwinamia sikioni. Mwandikishaji akamgeukia mtoto. "Haya, buruji gani?"

Kitindamimba alikuwa analia kwa kwikwi. Alinitazama mimi, akautazama mzigo, akamtazama mgambo.

"Ng'ombe," akasema mwishowe. "Ni wangu."

"Na baba yao," mzee akaongeza, "sanda yake ilitoka dukani kwangu. Umzike baba yako hapa, halafu uje uambiwe si wa hapa?"

Mwandikishaji akatufuta kwenye orodha yake. Lori likaondoka na yule mama.

Mzee aliikosa sala ya Ijumaa kwa ajili yetu. Nilipomuuliza nimlipe nini, akatukaribisha barazani, akanieleza kwamba buruji ni neno la Kiarabu, maana yake mnara au ngome. Watu wa kale waliona jua likipita kati ya nyota kama msafiri anayelala ngome hii, kesho ngome ile. Tena ndani ya buruji ya Ng'ombe kuna nyota ndogo zilizosongamana, kwao Pwani huitwa kilimia, kwa sababu zikionekana watu hulima. "Nanyi Waha mwaziitaje? Nipe neno hilo, tutakuwa hatudaiani."

Sikulijua. Mama alikuwa akitoka nje baada ya chakula cha jioni, anazitazama, anarudi na kusema, "Andaeni majembe." Jina hakulitaja, nami sikuuliza.

Nilimwahidi. Baada ya mavuno nikaenda Kibondo kwa shangazi, akanipa jina. Jirani yake akalikataa, akasema hilo ni la ng'ambo, la Kirundi, letu ni jingine. Nikasita, nikitaka kumpelekea lililo sahihi. Niliporudi Kasulu duka lilikuwa na mmiliki mwingine. Mzee alikuwa amekwisha kurudi kwao Pwani, na hakuna aliyejua ni mji gani.

Majina yote mawili ninayo. Siyaandiki hapa, kwa kuwa wa kwanza kuyapokea ni yeye, na bado sijampa.